Kusomea Radiografia Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya maswali yanarudi kila msimu wa udahili, mengine yanatoka kwa wazazi, mengine kwa watu wazima wanaotaka kubadili kazi, na mengi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao tayari wako darasani ila wanaona aibu kuuliza. Tumeyapanga kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale ya pembeni. Kama jibu lako liko kwenye swali lingine tutakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Radiografa ni nani, na anatofautianaje na radiolojisti?

Radiografa ndo anayekupokea kwenye chumba cha eksirei, anakupanga, anachagua kiasi cha mionzi, anapiga picha na kuhakikisha imetoka vizuri kabla hujaondoka. Radiolojisti ni daktari aliyesoma udaktari kwanza halafu akabobea kwenye kusoma picha na kuandika ripoti. Wote wanafanya kazi pamoja lakini njia za kufika huko ni tofauti kabisa, na ukisoma radiografia haimaanishi uko nusu ya njia kwenda kuwa radiolojisti. Ukitaka kuwa daktari ni lazima upite shule ya udaktari.

Usije ukadhani radiografa ni mtu wa kubonyeza kitufe. Picha mbovu hata bingwa awe mzuri vipi hawezi kuisoma, na aliyeko na mgonjwa wakati picha inatengenezwa ni radiografa.

Kwani radiografia ni eksirei tu?

Hapana. Eksirei ndo msingi na ndo unaanza nayo, ila kozi nyingi zinakugusisha pia CT skani, MRI, ultrasaundi, mamografia (picha ya matiti) na fluoroskopi, hii ya mwisho ni ile eksirei inayoonyesha mwili ukitembea kama video, mfano mgonjwa anapomeza dawa nyeupe ya barium. CT na mamografia zinatumia eksirei, MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, ultrasaundi inatumia sauti. Kuna pia radiografia ya tiba, yaani kutibu kansa kwa mionzi, na kwenye nchi nyingi hiyo ni kozi yake peke yake, kwahiyo soma vizuri jina la kozi kabla hujajaza fomu. Kila mwaka kuna watu wanajaza moja wakidhani wamejaza nyingine.

Lazima niwe nimefaulu fizikia?

Vyuo vingi vinataka fizikia na baiolojia, na kemia au hisabati juu yake, viwango vinatofautiana chuo kwa chuo. Kuhusu fizikia ya chuoni yenyewe inahusu nini, angalia sehemu ya darasani hapo chini, mana hofu nyingi zinatokana na kutojua.

Diploma au digrii, ipi bora?

Inategemea unataka kufika wapi. Diploma inakuingiza kazini mapema na mkono wako unazoea haraka. Digrii inafungua milango ya utafiti, ualimu, uongozi wa idara na mara nyingi kubobea kwenye MRI au ultrasaundi. Nchi nazo zina sheria zao, kwa mfano Uingereza radiografa anaingia kwenye taaluma kwa digrii, wakati Marekani mtu anaweza kuanza na ile digrii fupi ya miaka 2. Ushauri wetu wa dhati: kabla ya kuangalia jina la cheti angalia kama chuo kinatambuliwa na baraza la taaluma la nchi unayotaka kufanyia kazi. Cheti kizuri ambacho baraza halikitambui hakikupi leseni, na hii inaumiza watu ambao wameshatumia miaka yao.

Naweza kusoma online?

Nadharia unaweza, baadhi ya vyuo vinafundisha anatomia na fizikia kwa njia ya intaneti. Ila hakuna namna ya kujifunza kumgeuza mgonjwa mwenye nyonga iliyovunjika kupitia skrini. Ukiona kozi inasema utamaliza yote ukiwa nyumbani na utakuwa radiografa, kimbia.

## Darasani

Tunasoma nini hasa?

Anatomia na fiziolojia, fizikia ya mionzi, mbinu za kupanga mgonjwa, kinga ya mionzi, magonjwa na jinsi yanavyoonekana kwenye picha, huduma kwa mgonjwa, maadili, na siku hizi teknolojia ya picha za kidijitali yaani jinsi picha inavyotoka kwenye ditekta, bamba linalopokea mionzi, mpaka kwenye mfumo wa kuhifadhia picha wa hospitali. Kwenye digrii ongeza takwimu na utafiti.

Somo linalodharauliwa sana ni huduma kwa mgonjwa, watu wanaliona la kupitisha muda. Ukifika wodini ndo utajua kwanini lilikuwepo.

Mimi naogopa hesabu, fizikia yake ikoje?

Sio fizikia ya kukokotoa kurasa 5. Ni fizikia ya kuelewa mashine yako inafanya nini. Ndani ya tyubu ya eksirei elektroni zinatolewa upande mmoja, zinavutwa kwa kasi kubwa na kugonga chuma cha tungsteni upande wa pili, na kwenye huo mgongano asilimia 99 hivi ya nishati inageuka joto, inayobaki ndogo sana ndo eksirei. Ukielewa hapo tu utajua kwanini anodi, yaani huo upande unaogongwa, inazungushwa, kwanini tyubu inapoozwa kwa mafuta, na kwanini mashine inakataa kupiga picha nyingi mfululizo.

Halafu kuna namba mbili utaishi nazo maisha yako yote ya kazi. Kilovolti, au kV, zinaamua mionzi inapenya kiasi gani. mAs, yaani miliampea mara sekunde, inaamua mionzi ni mingi kiasi gani. Kidole kinapigwa kwenye kV 50 hivi, kifua cha mtu mzima kwa gridi (wavu unaochuja mionzi iliyotawanyika) kinaenda kV 110 hadi 125. Kuna kanuni ya zamani inayotumika mpaka leo, ukipandisha kV kwa asilimia 15 matokeo kwenye ditekta yanakaribia kuwa kama umeongeza mAs mara mbili. Na nyingine ya umbali, ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 mionzi inayokufikia inabaki robo, sio nusu. Hiyo robo ikae kichwani, utaikuta tena kwenye mambo ya usalama.

Ukiweza kuzidisha na kugawanya, na ukawa tayari kurudia mpaka uelewe, utafaulu.

Anatomia ni nyingi, nakariri vipi?

Usikariri kwa maandishi tu, kariri kwa picha. Chukua mfupa mmoja, uone kwenye mfano wa mifupa, ushike kwenye mwili wako mwenyewe, halafu uutafute kwenye eksirei ya mbele na ya ubavuni. Vifupa 8 vya kifundo cha mkono vinasumbua kila mtu na dawa yake ni hiyo hiyo. Radiografa anahitaji pia anatomia ya kugusa, ile ya juu ya ngozi: ukigusa ncha ya nyonga unajua uko usawa wa pingili ipi ya mgongo, bila hivyo utakuwa unabahatisha katikati ya picha ni wapi.

Kwanini walimu wanasisitiza sana kumpanga mgonjwa? Si ni kumweka tu mbele ya mashine?

Hapa ndo moyo wa kozi ulipo, na tutakaa hapa kidogo.

Chukua kiwiko cha ubavuni. Kinaonekana rahisi, mgonjwa anakunja mkono nyuzi 90 unapiga. Sasa wanafunzi karibu wote mwanzoni wanakunja kiwiko vizuri ila bega limebaki juu kwasababu kiti ni kirefu kuliko meza. Matokeo yake mwisho wa mfupa wa juu wa mkono unatoka umepishana, haujalaliana, na ile mistari ya mafuta pembeni ya kiungo haisomeki. Na ile mistari ndo wakati mwingine dalili pekee kwamba kuna mpasuko mdogo ambao mfupa wenyewe hauonyeshi. Yaani mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na mfupa uliopasuka kwasababu tu kiti hakikushushwa. Bega, kiwiko na kifundo vyote usawa mmoja, kidole gumba kikiangalia juu, ndo upige.

Au kifua. Mgonjwa anaangalia stendi yenye ditekta, mgongo uko upande wa tyubu, umbali sentimita 180. Kwanini asimame hivyo? Kwasababu moyo uko mbele, ukiwa karibu na ditekta hautanuki kwenye picha. Mabega unayasukuma mbele ili mifupa ya bega itoke kwenye mapafu. Unamwambia avute pumzi, ashike, na hapo unamwangalia mgonjwa sio kitufe, mana wengine wanavuta kwa mabega tu na kifua kinabaki pale pale. Picha ikitoka unahesabu mbavu za nyuma, ukipata kama 10 juu ya kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) basi kavuta vizuri. Akivuta kidogo mapafu yanaonekana meupe chini na mtu anaweza kuambiwa ana nimonia ambayo hana.

Kila picha ina hadithi yake ya hivyo. Ukiijua sababu hutasahau namna, ukikariri namna bila sababu utasahau siku ya mtihani.

## Mafunzo ya hospitalini

Nitaanza lini kupiga picha za wagonjwa?

Mapema kuliko unavyofikiri, kozi nyingi zinakupeleka hospitali mwaka wa kwanza, ila unaanza kwa kuangalia, halafu unasaidia, halafu unapanga mgonjwa huku msimamizi amesimama pembeni. Picha inapigwa chini ya uangalizi wa mtu mwenye leseni, na usikubali kuachwa peke yako chumbani eti kwasababu foleni ni ndefu. Ukiachwa hivyo ripoti kwa mratibu wa chuo, sio utovu wa nidhamu.

Logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za mafunzo, ina umuhimu gani? Naweza kuijaza mwishoni?

Usijaribu. Jaza siku hiyo hiyo, kila uchunguzi, sehemu ya mwili, ulichofanya mwenyewe na msimamizi akasaini. Mabaraza mengine yanaitaka kabla ya kukupa leseni.

Nimepiga picha imetoka mbaya, nirudie?

Swali la kwanza sio "ni nzuri?" bali "inajibu alichouliza daktari?". Kama daktari anatafuta mpasuko wa kifundo na kifundo kinaonekana chote sawasawa, kona ya kucha iliyokatwa sio sababu ya kumpiga mgonjwa mionzi tena. Kama haijibu, kaa kwanza uelewe nini kilienda kombo: alisogea? amepinda? katikati si penyewe? Kurudia bila kujua kosa ni kupata picha ile ile mbovu mara mbili, na mwili wa mgonjwa ndo umelipa. Mwite msimamizi, mwambie unadhani tatizo ni nini.

Na tahadhari moja ya mashine za kidijitali. Zamani kwenye filamu ukizidisha mionzi picha inakuwa nyeusi tii na kila mtu anaona. Siku hizi kompyuta inairekebisha na kuifanya ipendeze, kwahiyo mtu anaweza kuzidisha dozi miezi na miezi bila kujua, tena picha zake zikasifiwa kwamba hazina chenga. Angalia namba ya eksposha, inayoonyesha ditekta imepokea mionzi kiasi gani, kwenye kila picha. Mwanafunzi mwenye tabia hiyo toka mwaka wa kwanza anakuja kuwa radiografa mzuri, hilo tunalisema kwa uhakika.

Mgonjwa hawezi kusimama wala kukunja mkono kama kwenye kitabu, nafanyaje?

Unahamisha mashine badala ya mgonjwa. Kitabu kinakupa uhusiano kati ya tyubu, mwili na ditekta, na uhusiano huo unaweza kuutengeneza akiwa amelala, amekaa kwenye kiti cha magurudumu au yuko kwenye machela na shingo imefungwa. Mtu aliyepata ajali usimgeuze kabisa mpaka uambiwe mgongo wake uko salama, piga picha ya ubavuni kwa kulaza mionzi. Na kabla hujamgusa mueleze unachotaka kufanya, mtu mwenye maumivu akishtuka anajikaza na hapo umepoteza kila kitu.

Nini kinafanya wanafunzi wafeli hospitalini?

Kwa tunavyoona, ni vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni kutohakikisha mgonjwa ni nani. Usiulize "wewe ndo fulani?", mgonjwa mwenye wasiwasi au asiyesikia vizuri atakujibu ndio. Muulize "jina lako kamili nani, umezaliwa lini, unapigwa picha sehemu gani?" halafu ulinganishe na fomu. Cha pili ni alama ya kulia na kushoto. Iweke kwenye ditekta kabla ya kupiga, usisubiri kuiandika kwenye kompyuta baadae ukiwa umechoka. Makosa ya upande yanaweza kuishia chumba cha upasuaji.

Naogopa damu na maiti.

Utaviona vyote, tusikudanganye. Wengi wanazoea, na ukizidiwa unaruhusiwa kutoka, kunywa maji na kurudi, kisha uongee na mtu kuhusu ulichokiona usikibebe peke yako.

## Mionzi na usalama wako

Nitapata kansa? Nitashindwa kuzaa?

Hili ndo swali namba moja la wazazi na wana haki ya kuuliza. Wale wa mwanzo kweli waliumia. Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen tarehe 8 Novemba 1895, na kwenye miaka iliyofuata watu walikuwa wanaweka mikono yao wenyewe kwenye mionzi kupima mashine. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono na akafariki mwaka 1904. Sheria za leo zimejengwa juu ya maumivu ya watu kama yeye.

Leo kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti (mSv, kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 20 kwa mwaka ukihesabu miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi mSv 50. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 kikomo chake ni mSv 6. Kulinganisha, mionzi ya asili ya ardhini, angani na kwenye chakula inampa mtu wastani wa mSv 2.4 kwa mwaka duniani. Radiografa wa eksirei za kawaida anayesimama nyuma ya kizuizi kwa kawaida anabaki chini sana ya kikomo. Dozi za aina hiyo haziko karibu na zile zinazoleta ugumba.

Unajilinda kwa vitu vitatu: muda mfupi, umbali mkubwa, kizuizi. Kumbuka ile robo. Kwenye fluoroskopi na mashine ya kuhamishika wodini hatua moja ya kurudi nyuma inafanya kazi kubwa, na aproni ya madini ya risasi unavaa juu ya hapo.

Bedji ya dozi, ile tunayovaa kazini, inanilinda?

Haikulindi, inapima tu. Ila usipoivaa hakuna anayejua umepokea kiasi gani. Usiiache kwenye gari wala kumwazima mwenzako.

Nikipata ujauzito katikati ya masomo?

Sio mwisho wa kozi. Toa taarifa mapema kwa maandishi, kwasababu kinga ya mtoto inaanza rasmi ukishasema. Kuanzia hapo mpango ni mtoto asipokee zaidi ya mSv 1 kwa kipindi kilichobaki. Kwa kawaida unapangiwa maeneo yenye mionzi kidogo, unapewa bedji ya pili ya kuvaa tumboni, na fluoroskopi inasogezwa mbele. MRI haina mionzi hii ila huwa unaombwa usikae chumbani wakati mashine inapiga.

Mtoto anahangaika, nimshike mimi?

Hapana, wewe ungeshika kila siku. Kwanza jaribu vifaa vya kumtuliza na muda mfupi wa kupiga, ikishindikana amshike mzazi ambaye hana mimba, avae aproni, na mikono yake isiingie kwenye mwanga wa kolimeta, kile kifaa kinachobana eneo la mionzi.

Mbona tuliambiwa tufunike sehemu za siri za mgonjwa, na sasa mwalimu anasema tusifunike?

Wote walisema ukweli wa wakati wao. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani kilitoa msimamo kwamba kufunika kama utaratibu wa kila mgonjwa kuachwe, na wengine wamefuata. Kile kifuniko kinaweza kuziba kitu daktari anachotafuta, au kikaidanganya mashine inayojipimia yenyewe ikaongeza mionzi. Kinachopunguza dozi kweli ni kubana mwanga kwenye eneo unalolihitaji tu. Fuata utaratibu wa hospitali uliyopo, na mgonjwa akiuliza mueleze kwa upole usimkatishe.

## Baada ya chuo na maswali ya pembeni

Nikimaliza naanza kazi moja kwa moja?

Mara nyingi kuna mtihani wa baraza au kipindi cha intanshipu, halafu leseni, na leseni inahuishwa kwa kuonyesha kwamba bado unajifunza. Ukihamia nchi nyingine jiandae kukaguliwa upya na mara nyingi mtihani wa lugha, kwahiyo tunza silabasi yako na ile logibuku.

Akili bandia haitachukua hii kazi?

Programu zinasaidia kugundua mpasuko, kupanga foleni ya picha za haraka na kupunguza chenga kwenye CT. Hazimwinui bibi kutoka kwenye machela. Jifunze kuzitumia, na jifunze kutoziamini pale zinapopingana na unachokiona kwa mgonjwa mwenyewe.

Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au vyuma mwilini. Naweza kusoma?

Eksirei na CT hazina shida na wewe kama mfanyakazi. Chumba cha MRI ndo kizuizi, sumaku yake inawaka saa 24 hata kama hakuna mgonjwa, na kifaa chako lazima kikaguliwe kabla hujavuka mlango. Sema siku ya kwanza, chuo kinaweza kukupangia mzunguko mwingine. Hata ambaye hana chochote mwilini anajaza fomu ya usalama kabla ya kuingia.

Sioni rangi vizuri je?

Picha karibu zote ni nyeusi, nyeupe na kijivu. Rangi zinaingia zaidi kwenye ultrasaundi ya mtiririko wa damu na baadhi ya picha zilizounganishwa. Ongea na chuo, wengi wanapita bila tatizo.

Tunaweza kupigana picha sisi kwa sisi kwa ajili ya mazoezi?

Kupangana ndiyo, tena mfanye sana, ukilala mwenyewe kwenye ile meza ngumu utaelewa kwanini bibi analalamika. Kuwasha mionzi hapana, hata kidole, hata mara moja, hata kama mashine ni ya chuo na mwalimu hayupo. Binadamu anapigwa mionzi pale tu kuna sababu ya kitabibu na mtu mwenye mamlaka ameomba. Kwa kufyatua kuna mwili bandia wa mazoezi, huo upige utakavyo, badilisha kV, haribu picha makusudi uone inaharibikaje, halafu irekebishe.